Dondoo muhimu: Altrasaundi zizini

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anayekuja kujifunza kwa vitendo vijijini, iwe Monduli au Kajiado, aanze na mwenye ng'ombe kabla ya mashine. Msalimie, kisha uliza ng'ombe alipandwa lini. Kama siku 28 hazijafika, usimwambie mzee wa watu kwamba ng'ombe wake hana mimba. Panga kumpima tena.

Betri ijazwe usiku. Skrini haisomeki juani, kwa hiyo tafuta kivuli au jifunike kanga kichwani. (Wageni huicheka kanga hiyo mpaka jua linapowaka.)

Ng'ombe aingizwe kwenye kibanio. Vaa glavu ya kufika begani, paka kilainishi, toa kinyesi chote kwanza: kinyesi na hewa huzuia mawimbi, na utabaki kutazama ukungu. Hapa ndipo wengi hukosea: maji ya mimba huonekana meusi, lakini mkojo kwenye kibofu nao ni mweusi vilevile. Usitamke neno mpaka umeona kijusi, na ikiwezekana moyo ukipiga. Mbuzi ni rahisi zaidi. Hupimwa kwa nje, kinenani pasipo na manyoya, kwa jeli ya kutosha.

Siku ambayo eksirei inapigwa badala ya altrasaundi, asiye na kazi atoke. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki robo.

Mnyama aliyetupa mimba asiguswe bila glavu hata kidogo, maana huenda ana ugonjwa wa brusela, nao humwambukiza binadamu pia.