Nuru ya Jamaa: Kutoka Bahari ya Wabajuni hadi Fuwele za Perovskaiti

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, darsa la toleo hili linahusu mwanga, na pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa Chula, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayo. Alikuwa akitusimulia kwamba usiku usio na mwezi, kasia likigusa maji, maji huwaka, na nyavu ikivutwa hutoka na cheche. Hao ni viumbe wadogo mno wa baharini. Kila mmoja hutoa mwanga akitikiswa, kisha huzima. Ni wengi, lakini kila mmoja na lake.

Kuna mwanga wa aina nyingine. Tarehe 25 Januari 1995, meli ya Kiingereza iitwayo Lima ilikuwa kiasi cha maili 150 za baharini mashariki ya pwani ya Somalia. Mabaharia wakaona bahari imekuwa nyeupe kama maziwa. Mwaka 2005, Steven Miller na wenzake walionyesha picha za satelaiti za tukio hilo: eneo la kilomita za mraba zipatazo 15,400 liling'aa kwa siku tatu mfululizo. Wataalamu wanaona kwamba waliong'aa ni bakteria. Bakteria wa aina hii wakiwa wachache, hukaa gizani. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo majini. Kemikali hiyo ikizidi, hutambua kuwa wamekuwa wengi, na wote huwaka.

Fuwele zinazong'aa pamoja

Sasa tuingie maabara. Perovskaiti ni madini yaliyopatikana milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839. Leo jina hilo hutumika kwa vitu vingi ambavyo atomi zake zimepangwa kwa namna ile ile. Mwaka 2015 watafiti wa Zurich, Uswisi, walitengeneza fuwele za perovskaiti zenye sizi, risasi na bromini, ndogo kiasi kwamba ukizipanga laki moja kwa mstari utapata karibu milimita moja tu. Ukizimulika, nazo hutoa mwanga safi sana.

Kwa kawaida kila fuwele hutoa mwanga wake kwa wakati wake, kama maji ya kasia la babu. Lakini mwaka 2018 watafiti wa huko huko walichukua fuwele zilizolingana ukubwa, wakaziacha zijipange safu kwa safu kimiani kikikauka polepole, kisha wakazipoza hadi karibu nyuzi 267 chini ya sifuri. Walipozipiga mwanga wa leza, zilisubiri kitambo kidogo mno, mawimbi yao yakalingana, kisha zikatoa mwanga kwa mkupuo mmoja. Fizikia ya kwanta inaeleza kwamba fuwele 10 zikilingana sawasawa, kilele cha mwanga wao si mara 10 ya fuwele moja, bali hukaribia mara 100.

Zingatia hapa: nishati haikuongezeka hata chembe. Ni ile ile waliyopewa. Kilichobadilika ni kwamba imetoka kwa pamoja, kwa muda mfupi zaidi.

Kosa langu

Niliposoma haya nilifurahi mno. Nikaandaa darsa la msikitini nikidai kwamba aya ya 35 ya Suratun Nur ilitaja jambo hili tangu zamani. Ustadh wetu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "na kesho wanasayansi wakirekebisha maneno yao, utaifanya nini hiyo aya?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeifanya aya imtegemee mtafiti wa Zurich. Tafsiri ina elimu yake na masharti yake. Sisi tumeamrishwa kutafakari katika viumbe vya Allah, na kutafakari si kutafsiri.

Tuzingatie nini?

Kwa hiyo nayaleta haya kama mfano tu, si dalili.

Kwanza, wingi peke yake si jamaa. Fuwele zilezile zikiwa ovyo, kila moja humulika kivyake. Mtume (S.A.W.) alitufunza kuwa swala ya jamaa inaizidi ya mtu peke yake kwa daraja 27, naye alikuwa akisisitiza safu zinyooshwe. Malipo hayo tunayaamini kwa sababu yeye ametuambia, hayangojei maabara.

Pili, joto likizidi, mpangilio huvurugika. Kila mmoja wetu anajua kilichotokea katika mikutano yetu ya uchaguzi.

Tatu, sisi Wabajuni tumetawanyika tangu vita vya 1991: Kismayo, Mombasa, hadi Ulaya. Mara nyingi husema tungekuwa wengi tungefanya makubwa. Labda hatukupungukiwa na watu. Labda kila mmoja anawaka peke yake, kwa wakati wake.

Ijumaa hii, kabla ya takbira, mtazame aliye kuliani kwako na aliye kushotoni, kisha ziba pengo.

Wabillahi tawfiq.