"Kodi Hairudishwi" Si Sheria

Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma, mpangaji hutoa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kabla hajashika ufunguo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja. Kisha uhamisho wa kazi unafutwa, au ugonjwa unaingia nyumbani. Akirudi kuomba fedha zake, anajibiwa: "Kodi hairudishwi."

Jibu hilo ni mazoea tu.

Kinachotawala hapa ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na swali la kwanza ni nani aliyevunja makubaliano. Mwenye nyumba akishindwa kuikabidhi nyumba, au akiwa ameshampa mtu mwingine, mpangaji anaweza kujitoa na kudai kodi yake yote, pamoja na fidia ya hasara aliyopata. Vivyo hivyo akigundua kuwa alidanganywa kuhusu nyumba yenyewe.

Pagumu ni pale mpangaji anapoghairi mwenyewe. Hapo mvunja mkataba ni yeye, na mwenye nyumba anastahili fidia. Lakini kifungu cha 73 hufidia hasara iliyotokana na uvunjaji huo, na huangalia pia kama aliyeumia alikuwa na njia ya kuipunguza. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 200,000 kwa mwezi kilicholipiwa miezi sita, yaani 1,200,000. Mpangaji mpya akiingia baada ya mwezi mmoja kwa kodi ileile, hasara ni 200,000, labda na gharama ndogondogo. Kuing'ang'ania milioni iliyobaki huku chumba hichohicho kikilipiwa mara ya pili ni dhuluma. Hata mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, kifungu cha 74 kinasema fidia iwe ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kilichotajwa.

Pesa ya dalali hurudi kwa nadra, kwa kuwa kazi aliyoombwa ameifanya.

Anayeghairi atoe taarifa kwa maandishi mara moja, maana kila wiki ya ukimya huongeza hasara ya kudaiwa. Atunze mkataba, risiti na ujumbe wa muamala wa simu. Akiweza, amtafutie mwenye nyumba mpangaji wa kuchukua nafasi yake. Wakishindwana, waanzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya deni la mkataba kwa Kiswahili. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.