Nafasi ya Kwanza Haiuzwi: Yakupasayo Kuyajua Kabla ya Kumlipa Mtaalamu wa Kuitangaza Tovuti Yako

Anapotajwa mlaji, wengi humfikiria mtu aliyepunjwa sukari dukani au aliyeuziwa simu isiyo halisi. Lakini mwenye nyumba ya kulala wageni, fundi cherehani au mpishi wa shughuli naye ni mnunuzi anayehitaji kulindwa pale anapolipia huduma asiyoufahamu undani wake. Mojawapo ya huduma hizo ni ile ya kuifanya tovuti ionekane watu wanapotafuta jambo katika Google, ambayo wauzaji wake huiita SEO. Huduma hii haishikiki wala haiwekwi kwenye mizani, na mara nyingi mnunuzi hana njia ya kujua kama kazi imefanyika au la. Kwa sababu hiyo ahadi zake hutiwa chumvi kupita kiasi. Wapo wataalamu waaminifu na hodari katika kazi hii, na malipo yao ni halali yao. Somo hili linakusudia kukusaidia kuwatambua hao, na kuilinda mali yako hata pale utakapokuwa umekosea kuchagua.

Ahadi ya siku saba

“Tunakuhakikishia nafasi ya kwanza Google ndani ya siku saba.” Ujumbe wa namna hii huja kwa WhatsApp, kwa baruapepe au chini ya picha ulizoweka mtandaoni, na aghalabu huambatana na bei ya ofa inayoisha leo. Anayeutuma anauza kitu kisicho chake. Google yenyewe, katika mwongozo wake kwa wamiliki wa tovuti, inaeleza kwamba hakuna mtu awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza, na inatahadharisha juu ya wale wanaodai kuwa na uhusiano maalumu nayo.

Sababu inapatikana katika namna mtambo wa kutafuta unavyofanya kazi. Kwanza, programu zake hupita kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo. Pili, kurasa zilizopatikana huwekwa katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Tatu, mtu anapoandika maneno yake, mtambo huchagua katika faharasa hiyo kurasa zinazoonekana kumfaa na kuzipanga. Mpangilio huo hutegemea mambo mengi: ukurasa unasema nini, tovuti nyingine zinautaja kwa kiasi gani, unafunguka vizuri katika simu au la, na mtafutaji yuko mahali gani na anatumia lugha ipi. Mtu aliye Mwanza na mwingine aliye Hamburg wanaweza kuandika maneno yale yale wakaona orodha tofauti.

Basi “nafasi ya kwanza” haina maana yoyote mpaka ujibiwe maswali mawili: kwa maneno yapi, na kwa mtafutaji aliye wapi? Hapo ndipo ujanja mwingi ulipojificha. Tuchukulie mama mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo. Mtaalamu anamwonyesha kwenye kompyuta kwamba tovuti yake imetokea juu kabisa kwa maneno “nyumba tulivu ya wageni yenye bustani ya maua karibu na magofu ya Kaole”. Ni kweli imetokea juu. Lakini hakuna msafiri anayeandika maneno hayo; anayetafuta malazi huandika “nyumba ya wageni Bagamoyo”, au hutafuta kwa Kiingereza. Kushika nafasi ya kwanza katika mbio ambazo hakuna mwingine anayekimbia si jambo gumu. Hali ni hiyo hiyo unapoonyeshwa kuwa tovuti yako huongoza mtu akiandika jina la biashara yako mwenyewe: anayelijua jina lako tayari alikuwa mteja wako.

Kagua mwenyewe. Tumia simu ya mtu ambaye hajawahi kuifungua tovuti yako, au dirisha la faragha la kivinjari, kwa sababu mtambo huweza kumpendelea mtafutaji kwa yale aliyoyatembelea zamani. Andika maneno ambayo wateja wako halisi huyatumia. Kama huyajui, waulize watano watakaofika wiki hii waliandika nini walipokuwa wakitafuta. Majibu yao yatakufaa kuliko taarifa nyingi zenye michoro ya rangi.

Ujanja wa pili ni kuuza tangazo kwa jina la uboreshaji. Katika ukurasa wa matokeo ya Google kuna matokeo ya kawaida, ambayo hakuna anayeweza kuyalipia, na kuna matangazo, ambayo yana alama inayoonyesha kuwa yamelipiwa. Tangazo la kulipia ni njia halali ya kutafuta wateja, na kwa biashara ya msimu linaweza kufaa kuliko SEO. Tatizo huanza mtoa huduma anapopokea, tuseme, Sh 600,000, akaweka tangazo la Sh 100,000, akakuonyesha jina lako likiwa juu, kisha akakuacha uamini kwamba tovuti imeboreshwa. Fedha ya tangazo inapokwisha, jina nalo hutoweka siku hiyo hiyo. Ukiletewa picha ya skrini kuwa ni ushahidi, tazama kwanza kama alama hiyo ya malipo ipo, au kama imekatwa kwa makusudi.

Gharama ya njia ya mkato

Ahadi hewa hukupotezea fedha. Njia haramu huweza kukupotezea tovuti yenyewe, na hasara hiyo ni kubwa zaidi. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, mtambo wao umekuwa ukihesabu kiungo kutoka tovuti nyingine kama aina ya kura. Wafanyabiashara werevu wakaanza kununua kura. Maelfu ya viungo huwekwa katika tovuti zisizo na wasomaji, zinazohusu mambo yasiyo na uhusiano na biashara yako, ili mtambo udhani unasifiwa kila mahali. Kanuni za Google zinakataza jambo hili, na adhabu yake ni kushushwa chini au kufutwa kabisa katika faharasa.

Ukubwa wa kampuni haukingi adhabu. Februari 2006 Google iliiondoa katika faharasa yake tovuti ya Kijerumani ya BMW, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuudanganya mtambo, huku mgeni akipelekwa kwenye ukurasa mwingine. Miaka mitano baadaye, Februari 2011, gazeti la The New York Times lilieleza habari za JCPenney, kampuni ya Marekani yenye maduka makubwa, ambayo katika msimu wa sikukuu uliotangulia ilikuwa imeongoza katika matokeo ya nguo, matandiko, mazulia na vitu vingine vingi. Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na maelfu ya viungo vilivyowekwa katika tovuti zisizohusiana na bidhaa hizo. Google ilipochukua hatua, tovuti hiyo iliporomoka jioni moja, kwa muda wa saa mbili, kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 68 kwa watu waliotafuta fenicha za sebuleni. Kampuni ilisema haikujua lolote juu ya viungo hivyo, na ikaachana na wakala aliyekuwa akiifanyia kazi ya SEO. Ilichukua takriban siku 90 kurudi katika nafasi nzuri.

Kampuni ya namna ile ilikuwa na maduka zaidi ya elfu moja ya kuiegemeza katika siku hizo 90. Nyumba ya wageni yenye vyumba sita haina egemeo. Tena mtambo hauulizi kama mwenye tovuti alijua au hakujua. Anayeadhibiwa ni tovuti, wala si wakala. Kwa hiyo mtu akikuahidi “viungo elfu mbili kwa bei nafuu”, kataa. Akikuahidi maoni ya nyota tano kutoka kwa wateja ambao hawajawahi kufika kwako, kataa pia, na hapa kwa sababu ya ziada: maoni hayo huwadanganya walaji wenzako, na mfanyabiashara anayeyatumia anaweza kuwa amekiuka Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara.

Mtaalamu wa kweli hufanya nini

Kwanza huuliza. Unauza nini, kwa nani, msimu gani, mteja mmoja hukuingizia kiasi gani, na wateja hukupata kwa njia ipi hivi sasa? Asiyeuliza maswali haya kabla ya kutaja bei anauza kifurushi kile kile kwa kila mtu. Kisha huikagua tovuti na kukueleza kwa maneno yanayoeleweka alichokiona: kwamba ukurasa wa bei hauna bei, kwamba picha ni nzito mno kwa simu yenye intaneti hafifu, kwamba kurasa zote zina kichwa kimoja “Karibu”, au kwamba hakuna mahali palipoandikwa uko mtaa gani. Mara nyingine kasoro huwa ndogo ya kuchekesha. Fundi aliyetengeneza tovuti aliweka amri ya kuzuia mitambo ya kutafuta isiingie wakati kazi ikiendelea, kisha akasahau kuiondoa, na tovuti ikakaa gizani. Unaweza kuliangalia hilo bila mtaalamu: katika Google andika site: na kufuatiwa, bila nafasi, na anwani ya tovuti yako. Usipoona ukurasa hata mmoja, kuna tatizo la kuulizia.

Mtaalamu huyo pia atakuambia usubiri. Google inawaeleza wamiliki wa tovuti kwamba kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka mmoja tangu kazi ianze hadi manufaa yaonekane. Anaweza hata kukuambia kwamba humhitaji, jambo ambalo kwa maoni yetu ni dalili njema kuliko zote. Mama lishe ambaye wateja wake wote wanafanya kazi katika mtaa mmoja hahitaji SEO. Yamtosha kuiandikisha biashara yake katika ramani za Google, kwa jina sahihi, saa za kazi, namba ya simu na picha za chakula chake. Kuandikishwa huko ni bure. Anayekupigia simu akidai ada ili jina lako “lisifutwe Google” ni tapeli, na namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako usimpe.

Funguo za nyumba yako

Mnunuzi anaweza kuvumilia kazi mbovu, lakini kufungiwa nje ya mali yake ni jambo jingine. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako kama vile ile inayoishia na .co.tz, husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na huwa la yule ambaye jina lake limeandikwa katika usajili. Mtoa huduma akilisajili kwa jina lake “ili kukuondolea usumbufu”, siku mtakapotofautiana atakuwa ameshika anwani iliyochapishwa kwenye kadi zako, kwenye mabango yako na katika simu za wateja wako wote. Hakikisha usajili una jina lako au la kampuni yako, pamoja na baruapepe unayoifungua wewe. Dai risiti ya msajili. Risiti ya mtoa huduma peke yake haitoshi. Weka pia kumbukumbu ya tarehe ya kulipia upya, kwa maana kikoa kisicholipiwa hupotea.

Fanya vivyo hivyo kwa akaunti ya huduma inayohifadhi tovuti, kwa akaunti ya biashara katika ramani, kwa akaunti ya matangazo, na kwa Search Console, ambayo ni huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mmiliki watu waliandika maneno gani hadi wakaiona tovuti yake, na kama tovuti imewekewa adhabu. Fungua akaunti hizo wewe, kisha mwongeze mtaalamu kama mtumiaji mwenye ruhusa. Utaratibu huo upo katika huduma za Google, na unakuwezesha kumwondoa bila kubadili nywila wala kumwomba chochote. Akaunti ya matangazo ikiwa yako, utaona pia ni kiasi gani cha fedha kimekwenda Google na ni kiasi gani kimebaki kwa mtoa huduma.

Mkataba uandikwe hata kama mnafahamiana. Utaje kazi zenyewe kwa majina, maneno ya utafutaji mliyokubaliana, hali ya tovuti siku ya kuanza, taarifa ya kila mwezi, na malipo ya awamu yanayofuata kazi iliyokamilika. Uweke sharti kwamba hakuna viungo vitakavyonunuliwa bila idhini yako ya maandishi, na kwamba maandishi na picha zote zilizotengenezwa kwa fedha yako zibaki kuwa zako mkataba ukivunjika. Kipengele cha kujirefusha chenyewe mwaka hadi mwaka kifutwe kabla ya kutia saini.

Mambo yakiharibika, mwandikie kwanza mtoa huduma, ukitaja kipengele kilichokiukwa na siku unazompa kurekebisha. Tunza mazungumzo ya WhatsApp, baruapepe, ujumbe wa malipo ya simu na picha za skrini zenye tarehe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo usifute chochote kwa hasira. Ahadi ya kupotosha iliyotumika kukuuzia huduma unaweza kuiwasilisha Tume ya Ushindani. Mzozo wa umiliki wa kikoa cha .tz uanzie kwa msajili, ukiwa na uthibitisho wa usajili wa jina la biashara yako. Mtu akiingia katika akaunti yako bila ruhusa au akakataa kutoka baada ya kuondolewa, hilo ni suala la polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na taarifa itolewe mapema, kabla kumbukumbu za nani aliingia na lini hazijafutika.