Dondoo muhimu: Divai ya mizabibu mikongwe
Maneno “mizabibu mikongwe” kwenye lebo hayana maana moja kisheria katika nchi nyingi, kwa hiyo tafuta mwaka wa kupandwa. Eneo la Barossa, Australia, lina mkataba wake wa kuipanga kwa umri tangu 2009: daraja la kwanza miaka 35, la juu kabisa 125. Huko ukoo wa Henschke bado unavuna shamba la Hill of Grace, lenye mizabibu ya Shiraz ambayo mikongwe zaidi ilipandwa miaka ya 1860. Utasema mti mzee huzaa kidogo, basi kinachopanda ni bei tu. Kweli, hata mzabibu mgonjwa huzaa kidogo. Lakini ni mkulima gani angeulea karne nzima mzabibu wenye zabibu mbovu? Ukitaka kufungua chupa iliyolala miaka mingi, isimamishe kwanza siku nzima, kisha mimina taratibu. Mashapo meusi yakifika shingoni, acha.