Kiporo cha Mama na Kipimajoto cha Bwana Afya

Wiki ya tatu ya field, bwana afya ninayefuatana naye aliniambia, "Leo tunakagua nje ya geti la chuo chenu." Moyo ukanienda mbio. Pale ndipo ninapokula kwa mkopo kila bumu likichelewa.

Mama tunayekula kwake simtaji, maana kila mmoja wenu ana wa kwake. Ni yule anayeandika deni kwenye daftari bila kuuliza utalipa lini, na anayekuongezea maharage akiona sura ya njaa. Tulipofika alichangamka: "Mwanangu, leo umekuja na mgeni!" Alipoliona koti jeupe, akanyamaza.

Nilidhani ukaguzi ni kutafuta uchafu. Kumbe jiko linaweza kuwa safi kwa macho na bado likawaumiza watu. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, sufuria zinang'aa. Bwana afya hakuzitazama sana, alianza na maswali. Maji yanatoka wapi? Wahudumu wamepimwa afya lini, maana wanatakiwa kupimwa kila baada ya miezi 6? Kisu cha kuku mbichi ni kipi, na cha kachumbari ni kipi? Kisu kilikuwa kimoja.

Kisha akanipa kipimajoto na kunionyesha sufuria ya wali iliyofunikwa mezani. "Choma katikati, usome." Nyuzi 41.

"Huu umepikwa lini?"

"Asubuhi," Mama akajibu, kisha akashusha sauti. "Ila mwingine ni wa jana."

Wadau, hapa ndipo somo lilipo. Bakteria wengi wanaotuumiza tumbo hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kibaki juu ya 60, cha baridi kikae chini ya 5, na kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa 2. Bakteria wakipata joto, unyevu na chakula, wanaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20. Piga hesabu: ukianza na 100 tu, baada ya saa 4 wamefika 409,600. Wali hautanuka wala kubadilika rangi.

Mama alijitetea kama sisi sote tunavyojitetea: "Lakini kiporo nakipasha mpaka kinafuka moshi." Kwa wali, hiyo haitoshi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, ambaye hupatikana sana kwenye mchele. Anajificha kama mbegu ngumu inayostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaota, bakteria wanaongezeka, na wengine wanatoa sumu ya kutapisha. Ukipasha, bakteria wanakufa lakini sumu inabaki. Mlaji anaweza kuanza kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula.

Nikakumbuka usiku mmoja wa semista iliyopita, tulivyotapika watu 3 chumba kimoja. Tulilaumu maharage. Siwezi kusema ulikuwa wali wa Mama, hakuna aliyepima. Lakini sisi ndio tuliokuwa tunamwomba atuwekee kiporo kwa nusu bei. Lile jambo lilinikaa kooni.

Mama akanivuta pembeni. "Mwanangu, mwombee mama yako kwa mzee. Akinifungia, ada ya mdogo wako nitaitoa wapi?" Nikaenda kumsemea. Bwana afya alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Nikimfungia leo, kesho mtakula kwa jirani ambaye sijamkagua. Nikinyamaza, siku mtu akizidiwa mtauliza bwana afya alikuwa wapi."

Akaandika notisi ya siku 14. Visu viwili na mbao mbili za kukatia. Ndoo yenye koki na sabuni ya kunawia. Vyeti vya afya vya wahudumu. Wali upikwe kidogo kidogo, mara mbili kwa siku, na ukae juu ya jiko lenye moto mdogo. Uliokuwa sufuriani ulimwagwa mbele yetu, na Mama akatazama faida yake ya siku nzima ikienda kwenye pipa.

Wengi hudhani kazi hii ni ya TBS peke yake, kwa kuwa mwaka 2019 ilikabidhiwa masuala ya chakula yaliyokuwa chini ya TFDA. Lakini anayeingia kwenye migahawa yetu ya mtaani ni afisa afya wa halmashauri, na hawezi kuwa kila jiko kila siku. Kila siku tuko sisi walaji. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, tazama mambo manne: chakula kinatoka kwenye moto au mezani? Anayepokea hela ndiye anayeshika chapati kwa mkono uleule? Kachumbari imekatiwa wapi? Maji ya kunawa yanatiririka, au wote mnachovya kwenye beseni moja?

Na ombi kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi: akina mama wa getini wananunua maji kwa ndoo. Unapolipia kila ndoo, kunawa mikono kunakuwa gharama. Bomba moja pale getini litalinda matumbo yetu kuliko mabango kumi ya "Nawa Mikono".

Siku ya 14 tulirudi. Visu viwili, ndoo yenye koki, vyeti vimebandikwa ukutani. Nikachoma kipimajoto: nyuzi 66. Bei ya sahani imepanda kwa shilingi 200, kwa sababu kiporo hakiuzwi tena. Nimelipa bila kunung'unika. Deni la zamani bado liko kwenye daftari, nasubiri bumu.