Likizo ya Yaya: Mkubaliane Kabla Hajaanza Kazi



Somo letu safari hii linamhusu yaya anayekaa kwako mwezi mzima. Wengine mtasema hayo ni mambo ya watu wa mjini. Hapana. Katika kikundi kimoja cha akina mama nilichotembelea, mwanachama mmoja ni mwalimu aliyeandika yaya, na jirani yake pale kwenye benchi ana binti anayefanya kazi hiyo hiyo Nakuru.

Mwalimu alisema kwanza: "Msichana wangu mimi humwachilia Krismasi, tarehe 25, 26 na 27. Nampa nauli na kilo mbili za sukari. Anakula kwangu, analala kwangu. Livu ingine ni ya nini?"

Yule mama akamjibu polepole: "Mwalimu, huyo wangu ana mtoto, nimebaki naye mimi. Ana miaka minne. Mamake akija hizo siku tatu, ya kwanza mtoto anamkimbia, ya pili anamzoea, ya tatu mamake anapanda matatu."

Tulikuwa tumekuja kuzungumzia kuku. Kuku walingoja.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimbagui yaya na karani wa ofisi. Akitimiza miezi 12 mfululizo, anastahili livu ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Angalieni neno hilo, siku za kazi. Ile siku moja ya kupumzika kila wiki, ambayo pia ni haki yake, haihesabiwi ndani ya 21. Wala sikukuu za taifa hazihesabiwi. Kwa hivyo tulipomhesabia mwalimu, tarehe 25 na 26 ni sikukuu, zikaondoka. Livu aliyokuwa ametoa kwa mwaka mzima ilikuwa siku moja. Alikuwa na deni la siku 20, na yeye mwenyewe alishangaa, maana si mtu mbaya.

Na hilo la "anakula kwangu" tuliache. Analala kwako kwa sababu unamtaka awe karibu mtoto akilia usiku. Chakula na kitanda havigeuki kuwa livu. Vilevile mkisafiri na familia kwenda kwa babu na yaya akawa amembeba mtoto njiani, hayo si mapumziko, yuko kazini. Akifanya kazi siku ya Madaraka au Jamhuri, alipwe siku hiyo mara mbili.

Sasa, livu iwe lini? Hapa ndipo ugomvi hutokea, kwa sababu kila mmoja anangoja Desemba. Sheria inakubali siku zigawanywe, bora yaya mwenyewe akubali, na sehemu moja isipungue wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Mwalimu ana bahati, yuko nyumbani shule zikifungwa. Waliketi na yaya wake wakapanga kwa mwaka unaofuata: siku 12 mwezi wa Agosti, ambazo kwa mtu wa siku sita kwa wiki ni wiki mbili kamili, na siku 9 Desemba. Yaya ndiye aliyechagua Agosti. Mwalimu alikuwa amefikiria Aprili, lakini hakujua kwamba kwao mahindi huvunwa Agosti. Hakuwa amewahi kumwuliza.

Asiye mwalimu afanyeje? Mama wa kibanda cha mboga aliniuliza, "Yaya akienda wiki tatu na nusu, mimi nitauza na mtoto mgongoni?" Swali lake ni la haki. Tuseme yaya wa mashambani analipwa Sh. 13,000 (mjini kiwango cha chini cha serikali ni kikubwa kuliko cha mashambani, ulizeni). Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata Sh. 500 kwa siku. Mtu wa kumshikia kazi siku 21 kwa bei hiyo ni Sh. 10,500. Ukiweka Sh. 875 kila mwezi katika kikundi, mwaka ukiisha unazo. Au wanachama wenye watoto wadogo wapokezane: wiki hii wa kwangu kwako, mwezi ujao wa kwako kwangu. Ninajua kikundi kinachofanya hivyo na hakijashindwa, ingawa wamegombana mara moja kuhusu uji.

Akiondoka kabla ya mwaka kwisha je? Maadamu ametimiza miezi miwili, kila mwezi aliofanya una siku moja na robo tatu. Miezi minane ni siku 14. Kwa mshahara ule ule ni Sh. 7,000, na zilipwe pamoja na mshahara wa mwisho, si "nitakutumia".

Ugonjwa hauingii katika livu. Baada ya miezi miwili kazini, akiwa na karatasi ya daktari, ana siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kila mwaka. Akijifungua, ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na livu yake ya mwaka haipotei. Najua hapa wengi humfungia virago mara tumbo likionekana. Afisa wa leba hatakuelewa, na mimi pia.

Matanga sheria haikutaja siku. Kubalianeni wenyewe, tatu au tano, na muandike.

Ndiyo, muandike. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri anayepaswa kuutengeneza. Karatasi ya daftari inatosha: tarehe ya kuanza, mshahara, siku ya ofu, siku za livu na miezi yake, sahihi mbili. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, kisha aweke kidole. Kila mmoja abaki na nakala.

Ya kufanya katika kikundi kabla ya mkutano ujao:

Wenye yaya, hesabuni tangu alipoanza amestahili siku ngapi na amepata ngapi. Njooni na hesabu.

Wenye binti aliyeandikwa mahali, mpigieni simu. Mwulizeni livu yake ni mwezi gani, na kama mshahara hukatwa akija nyumbani.

Kisha wawili wawili, mmoja awe mwajiri na mwingine yaya, mjaribu kukubaliana mwezi wa livu. Aliye na yaya nyumbani acheze yaya.