IDHINI KABLA YA BOMBA
Somo kwa wananchi wanaokusudia kurefusha bomba kuu la maji

Si mara moja wakaazi wa mtaa huchangishana fedha, wakanunua mabomba na kuchimba mtaro ili maji yawafikie. Juhudi ya namna hiyo inastahiki pongezi. Hata hivyo, bomba la umma halirefushwi bila ya idhini, na somo hili linaeleza sababu zake.

Katika enzi ya Sultani Barghash bin Said (1870–1888), maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaliletwa mjini Zanzibar kwa bomba. Hiyo ilikuwa ni baada ya kipindupindu cha 1869–1870 kuuwa watu wengi mno. Hivi leo, kwa mujibu wa Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006, dhamana ya huduma hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA). Kabla ya bomba kurefushwa, wahandisi huhitaji kuridhika kwa mambo manne.

Kwanza, uwezo. Wengi hudhani kuwa bomba lenye nusu ya kipenyo hupitisha nusu ya maji. Sivyo. Kwa msukumo ule ule na masafa yale yale, hupitisha takriban sehemu moja tu katika sita. Kwa hiyo bomba jembamba lililowekwa kwa ajili ya nyumba chache, likirefushwa hadi mtaa wa pili, huwakosesha maji wapya na wa zamani pia.

Pili, njia. Bomba lisipite kando ya karo la choo wala ndani ya mtaro wa maji machafu. Pale maji yanapotolewa kwa zamu, bomba hubaki tupu kwa saa nyingi, na huweza kufyonza uchafu ulio nje kupitia kiungio kinachovuja. Maji yakirudi, uchafu huo huingia majumbani. Hivyo ndivyo kiungio kimoja kibovu kinavyoweza kuwauguza watoto wa mtaa mzima.

Tatu, kazi yenyewe. Bomba hupimwa kwa presha kabla ya kufukiwa, kwani kosa lililokwisha fukiwa halionekani. Baadae husafishwa, hutiwa klorini na kuachwa kwa muda uliowekwa, kisha hukoshwa tena. Sampuli ya maji ikithibitishwa kuwa ni salama, ndipo mifereji inapofunguliwa.

Nne, dhamana. Yapasa ijulikane mapema, tena kwa maandishi, nani atalipia kazi, nani atatengeneza bomba likipasuka, na jirani atakayekuja baadae ataungiwa kwa utaratibu gani. Mwenye shamba linalopitiwa na bomba aridhie, na barabara isikatwe bila ya ruhusa ya wenye mamlaka nayo. Ugomvi mwingi juu ya maji huzuka pale ambapo waliochanga hudhani bomba ni lao peke yao.

Wananchi wanashauriwa wamwone kwanza Sheha wao, kisha wafike ofisi ya maji wakiwa na mchoro wa njia inayokusudiwa na idadi ya nyumba zitakazohudumiwa. Mabomba yanunuliwe na mtaro uchimbwe baada ya jawabu kupatikana, si kabla. Fedha ya mchango ikishatumika kwa bomba lisilofaa, hairudi. Na maji yakimwagika hayazoleki.